Chura wa Bati na Punda Aliyeogopa Miavuli

Je, wewe unayesoma, umewahi kumdanganya punda? Usicheke kwanza. Nyanchoka naye angecheka kama angeulizwa, kabla mambo hayajamfika.

Nyanchoka alikuwa darasa la sita, katika ile miaka ya tisini, mwaka ambao mvua ilikataa kukatika huku Nyaramba. Kila asubuhi kabla ya shule alimpeleka punda wao, Majivu, chemchemini, akamfunga mitungi ya maji ubavuni, wakapanda kilima polepole. Jioni Majivu alibeba majani chai hadi kituo cha kununulia. Alikuwa punda mpole, rangi yake kama jivu la kuni, na pua yake laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliogopa mwavuli. Na huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo miavuli haikosi njiani. Mtu akifungua wake, pwaa! Majivu alikurupuka na mzigo wake wote.

Siku moja alikurupuka akamwangusha mama yake Nyanchoka, aliyekuwa mja mzito. Mama aliinuka, akajipangusa tope, akasema hajaumia. Baba, Mzee Mogaka, akamfunga punda nguzoni. Kesho yake Angwenyi, aliyekuwa amesikia habari hizo, alionekana nje ya ua.

Angwenyi alisomba mawe ya ujenzi kule Kenyenya. Punda walioingia kwake hawakuonekana tena. Zilizoonekana ni kamba zao, zikining'inia nyuma ya mkokoteni. Hakupiga hodi. Alimtazama Majivu miguu, akamtazama kifua, akaenda zake. Aliporudi alikuwa na mbuzi jike wa kubadilishana.

"Ngoja mwezi uishe," Mzee Mogaka akamwambia. "Akikurupuka tena, ni wako."

"Sina haraka, mzee," akajibu Angwenyi. "Atakurupuka tu."

Jumapili hiyo Nyanchoka na mama yake walikwenda mjini Kisii kununua kitambaa. Mwenye duka, Mama Shobha, alimwona msichana amenuna, akamuuliza sababu. Aliposikia habari za punda, alifungua droo akatoa kichezeo, chura wa bati. Ukimbonyeza tumbo, analia ta!

"Kaka yangu wa Nakuru anafuga farasi," akasema. "Alimfundisha hivi hivi, kwa mchezo. Mwonyeshe punda kitu. Akikigusa kwa pua, bonyeza, halafu mpe kitu kitamu hapo hapo. Lakini sikia, binti: ukibonyeza, lipa. Huo mlio ni ahadi."

Nyanchoka alianza na karai. Majivu alilinusa, akaligusa. Ta! Akapewa ganda la ndizi. Ikafuata sufuria, kisha kiatu cha mpira, kisha mwavuli uliofungwa. Masikio ya Majivu yakawa yanasimama kila akimwona Nyanchoka. Siku moja aligusa mgongo wa katekista aliyekuwa akipita, akageuka kudai ganda lake! Hata mwavuli uliofunguliwa nusu aliugusa.

Basi habari zikaenea chemchemini. "Mwambie aguse ndoo yangu!" Nyangate, rafiki yake, alimwomba. Majivu aligusa. Ta! Wasichana wakacheka hadi wakashika mbavu. Nyanchoka hakuwa na ganda mfukoni. Majivu alinusa kiganja chake, akakuta kitupu.

"Bonyeza tena! Tazama anavyotafuta!" akasema Nyangate.

Akabonyeza tena. Ikawa ndio mchezo wa kila asubuhi. Majivu akaacha kunusa kiganja. Siku nyingine alipousikia mlio alilaza masikio nyuma, kama mtu anayetukanwa. Nyanchoka aliona, akajifanya hajaona.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi, na kuku waliingia bandani mchana. Angwenyi alikuwa amesimama langoni, kamba mkononi. Mzee Mogaka akafungua mwavuli.

Ta! Nyanchoka akabonyeza haraka ili kumtuliza. Majivu alilaza masikio, akaruka, akapasua ua, akateremka hadi shambani kwa jirani. Angwenyi alimfuata bila kukimbia. Aliporudi, kamba ilikuwa shingoni mwa Majivu.

"Tata!" Nyanchoka akalia, maana ndivyo tunavyowaita baba zetu. "Kosa si la Majivu. Nilimdanganya. Nilibonyeza bila kumpa kitu, ili wenzangu wacheke. Sasa haniamini."

"Mtoto anamtetea punda," Angwenyi akacheka.

"Mtoto amesema kosa lake mbele ya mgeni," akasema Mzee Mogaka. "Fungua kamba. Pita tena siku ya soko kubwa."

Mlio wa chura ulikuwa umekwisha kuwa uongo, ukahitajika mwingine. Nyanchoka akajaribu kupiga ulimi kwenye kaakaa. Mzee Mogaka akageuka ghafla.

"Wewe! Unanisonya mimi, baba yako?"

"Sikusonyi, Tata! Naita punda."

Nyumbani kwetu mtoto anayesonya mbele ya mkubwa anatafuta fimbo. Mzee Mogaka akachukua mwavuli. "Haya," akasema. "Piga. Lakini ole wako ulimi huo udanganye." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeshika mwavuli, na Nyanchoka hakupiga ulimi hata mara moja bila ganda mkononi.

Siku ya soko, Angwenyi alikuja na kamba yake na mbuzi. Mvua ilikuwa imeshaanza. Pwaa! Mwavuli ukafunguka. Majivu alitetemeka kuanzia mabega hadi mkiani, akapiga kwato chini. Nyanchoka alisubiri. Polepole pua ikanyooshwa, ikagusa kitambaa cheusi. Akapiga ulimi, akampa ndizi nzima.

Angwenyi alitazama, akatema mate, akamvuta mbuzi wake, akashuka na njia.

"Umeona?" Mzee Mogaka akamwambia binti yake. "Neno lako likiwa tupu mara moja, hata mnyama hulikataa, na kulijaza tena ni kazi ndefu. Ahadi ndogo ni ahadi."

"Nimeona, Tata."

Mzee Mogaka akafunga mwavuli, akabaki ananyeshewa, mkono wake juu ya shingo ya Majivu.

"Niliogopa kwa ajili ya mama yako," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini sikutaka Majivu aende. Tangu siku ya kwanza, nilitaka abaki."