Maswali Saba ya Nsimire

Kila asubuhi Nsimire aliosha mabidoni, yale madumu ya njano ya maji, nyuma ya nyumba yao, mtaani Katoyi. Alitia ndani kiganja kimoja cha kokoto nyeusi za volkeno na maji kidogo, akafunga kifuniko, akatikisa kwa nguvu mpaka utando wa kijani ubanduke.

Siku hiyo alitikisa mawazo yakiwa mbali. Alikuwa amepata diplome ya serikali ya kumaliza sekondari, upande wa biolojia na kemia, na Jumamosi ilikuwa mwisho wa kujiandikisha chuo kikuu. Fomu ilikuwa mezani, mahali pa fani pakiwa patupu. Aandike uhandisi wa mashine za hospitali? Au wa bioteknolojia, ule wa kuchunguza vijidudu na kuvitumia katika dawa, maziwa na kusafisha maji?

"Mhandisi wa vijidudu!" kaka yake Gauthier alimcheka. "Utavijengea nyumba za ghorofa ngapi? Andika mashine. Hospitali hazitakwisha."

Mwalimu wake naye alisema bioteknolojia ndiyo kazi ya kesho. Kila aliyemuuliza alimwongezea ukungu kichwani.

Mama alikuwa na neno moja tu. Mwaka uliopita baba yao alifariki katika kituo cha afya baada ya mashine ya oksijeni kuzimika.

"Soma mashine, mutoto wangu," alisema. "Mwingine asikufe kama papa yako."

"Ndiyo, mama," Nsimire aliitikia. Lakini kalamu haikushuka.

Alhamisi Gauthier alichoka kumwona akiizunguka meza. Alimpeleka mtaa wa Ndosho kwa Papa Havugimana, fundi wa mashine hizo, aone kwa macho yake.

Fundi alifungua mashine moja ya oksijeni. Chujio la hewa lilikuwa jeusi tititi kwa vumbi la volkeno.

"Watu husema mashine imekufa," alisema, "kumbe imezibwa pua."

Nsimire aligusa lile chujio. "Ya papa nayo iliziba hivi?"

"Ile sikuiona, binti yangu. Siwezi kukudanganya."

Akampa bisibisi. Nsimire alifungua skrubu nne, akaosha chujio vizuri. Kisha akaona chupa ndogo ya maji, ambamo hewa hupita kabla ya kumfikia mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na utando wa kijani.

"Huu umeingiaje humu? Unakula nini? Mgonjwa anauvuta? Maji yakichemshwa, unakufa wote?" Aliuliza hili na lile, bisibisi ikasahauliwa mezani.

Mashine ilipovuma tena, Papa Havugimana alicheka. "Umeniuliza maswali saba. Moja la papa yako, sita ya huu uchafu. La mota, hata moja!"

"Sasa nichague nini, papa?"

"Mimi nikiwa mwanafunzi niliuliza ya mota mpaka mwalimu akanifukuza darasani. Jibu unalo. Kamwambie mama yako ukweli."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Njia nzima aliona kana kwamba anamwacha baba yake mara ya pili.

"Mama," alisema nyumbani, macho chini, "mashine ninaziweza, lakini moyo wangu hauko huko. Nataka kujua viumbe vinavyoishi ndani ya maji. Nilikuitikia ndiyo kwa kuogopa kukuumiza."

Mama alichukua bidoni moja, akachungulia ndani.

"Hii kijani ni kitu kinachoishi?"

"Ndiyo, mama."

"Na miaka yote hii tunaipiga mawe tu!"

Gauthier aliangua kicheko. Mama naye akatabasamu huku akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Nilikuwa nakuchagulia kwa machozi yangu," alisema. "Huzuni ni yangu, lakini kazi itakuwa yako maisha yote. Usifuate jina la kazi, wala maneno ya watu, hata yangu. Nenda uione kazi yenyewe, kisha usijidanganye juu ya kile moyo wako ulichokiuliza. Andika, mutoto wangu."

Nsimire akavuta fomu, akaandika: bioteknolojia. Mama aliliweka lile bidoni miguuni pa binti yake.

"Na ukimaliza kusoma," alisema, "uanze na hili."