Kitabu Kilichosomwa Mpaka Mwisho

Jioni ile ya mwaka 1996 nilikuwa sokoni Garissa, natafuta kitabu cha kunifundisha kusema. Nina kigugumizi tangu utotoni, na wiki iliyofuata nilikuwa na mahojiano ya ualimu. Vitabu vya kujiendeleza nilikuwa navyo vinne nyumbani Waberi. Vyote porojo tupu.

Mzee Jelle, muuza vitabu vya mitumba, alinicheka. Akaniambia niache kutazama majalada, nitazame uchafu. Kitabu kisichofaa huchafuka kurasa za mwanzo tu, kwa sababu watu hukichoka mapema. Kisha akachomoa kimoja chini ya gunia.

"Hii watu nasoma mbaka mwisho," alinong'ona. "Soma kwa sauti. Jua ikizama tu."

Kilikuwa kimechafuka kwa vidole hadi ukurasa wa mwisho. Kilinuka ubani... na kitu kilichooza.

Nilisoma sura ya kwanza jioni ile ile. Ulimi ukalegea. Nikatamka jina langu, Abdiwahab, bila kukwama hata mara moja, nikalia kwa furaha.

Nje, mama yangu alikuwa akiwaimbia mbuzi warudi zizini. Sauti yake ilikwaruza. Nikadhani ni vumbi.

Jioni ya pili, sura ya pili. Mama akawa ananong'ona.

Jioni ya tatu, sura ya tatu. Mbuzi hawakuja.

Nilitoka. Mama alikuwa amesimama langoni, mdomo wazi, koo likicheza.

Kimya.

Kesho yake alasiri nilimrudishia Jelle kitabu chake. Hakukigusa.

"Iko sura moja nabaki," alisema. "Ukiwacha hapo, wewe narudi kukwama. Mama yako hapati kitu."

Nikamuuliza, ikiwa sauti ya mama imekwisha, sura hiyo itachukua nini? Alianza kukunja gunia lake. Nikaapa kukichoma.

Nilipofika nyumbani mama alikichomoa kwapani mwangu. Aliketi mkekani, akakifungua sura ya mwisho, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mama hakujua kusoma.

"Hooyo, siwezi," nilimwambia mama. Alitabasamu tu. Kidole hakikuondoka pale, na jua lilikuwa linazama...

Nilisoma mpaka mwisho, na kwa neno la mwisho pumzi yake ikakatika.

Ualimu niliupata. Huu ni mwaka wa tatu, na bado sijui ni nani aliyemwonyesha Hooyo ukurasa ule.