Hali: Njema

Mtu alipatwa na mshtuko wa moyo sokoni Makambako, akatamka neno moja tu kwenye kisemeo chake cha mkononi, na kabla muuza viazi hajamaliza kuuliza kulikoni, machela ya angani ilikuwa imeshatua katikati ya mafungu ya nyanya. Mikono yake ya chuma ilimnyanyua mgonjwa taratibu, ikamfunika blanketi, ikapaa naye. Wachuuzi walibaki wameinua nyuso juu. Walikuwa wameona jambo hilo mara nyingi, na hakuna hata mmoja aliyelizoea.

Aliyeituma machela ile alikuwa Bawabu. Hakuwa mtu. Alikuwa seva, au tuseme ukoo mzima wa seva, zilizopangwa kwenye kumbi ndefu chini ya vilima vya Njombe, mahali ambapo baridi ya bure iliwapunguzia wahandisi kazi ya kuzipoza. Kila ombi la nchi nzima lilipita kwake, na kwa muda ambao jicho hupepesa, alikuwa ameshaamua nani ahudumiwe kwanza.

Wageni walipokuja kumtazama, Mhandisi Aneth Mgaya ndiye aliyewatembeza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sweta la kujifumia mwenyewe na mapenzi makubwa na kazi yake, na alieleza kwa ulimi mwepesi.

"Kila ombi lina kichwa na mwili," aliwaambia. "Mwili ndio shida yenyewe: naumwa hapa, nimeungua pale. Kichwa ni habari fupi zinazotangulia: nani anaomba, yuko wapi, anasema lugha gani, na hali yake ikoje. Bawabu hafungui mwili. Akifungua mwili wa kila ombi, mtasimama hapa mpaka mvi ziwaote. Anasoma thamani zilizo kwenye kichwa, basi, kisha anaelekeza."

"Na kichwa kikikosa kitu?" mgeni mmoja aliuliza.

"Kikikosa hali, Bawabu anahesabu kuwa ni hatari. Afadhali machela iende bure kuliko mtu afe akisubiri."

Hapo wageni walitikisa vichwa kwa kustaajabu, na Aneth aliwaachia kidogo wastaajabu kabla ya kuwaeleza jambo alilojivunia kuliko yote. Kwingineko, watu walilazimika kubonyeza vitufe ili kichwa kiandikwe. Hapa hapakuwa na vitufe. Aneth alikuwa ameona kwamba watu wake hawaanzi kusema shida bila kusalimiana kwanza, kwa hiyo alikifundisha kisemeo kuandika kichwa kutokana na salamu. Mtu alitaja mlango anaoutaka, wa machela au wa mbolea, akabisha hodi, akajitaja, akajibu habari za kwake, na salamu zilipokwisha kichwa kilikuwa kimekamilika na kufungwa. Mwili ulifuata baadaye. Aliuona mpango huo kuwa mzuri kama ngoma iliyowambwa vyema, na kwa kweli ulikuwa mzuri.

Asubuhi moja ya ukungu, Sudi Namkumba aliingia ofisini kwake bila kuvua koti. Sudi ndiye aliyesimamia machela zote za angani, naye alikuwa na uso wa mtu aliyegombana na kiamshakinywa.

"Dada Aneth, kule vijijini milimani bado tunachelewa," alisema. "Wazee wanafikiwa hali imeshaharibika."

"Si mlibadilisha minara ya mawasiliano?"

"Tumebadilisha yote. Upepo tumeupima, betri tumepima. Machela hazina neno. Zimekaa tu chini zinasubiri kutumwa, na hazitumwi."

"Labda wazee hawaombi."

"Wanaomba, dada. Tena jana hiyohiyo kijana mmoja wa mjini kapelekewa machela mbio kwa sababu ya jino. Jino! Kashuka nalo anatafuna hindi la kuchoma."

Aneth alicheka, lakini maneno yale hayakumtoka. Ilipofika saa ya chai, Sudi akiwa bado ofisini, alimpigia baba yake, kama alivyofanya kila siku. Mwalimu Lameck alikuwa amestaafu kufundisha, akaishi peke yake Lupembe na shamba lake la chai, na hakuwahi kuacha simu ya binti yake iite mpaka ikate. Siku hiyo iliita mpaka ikakata. Aneth akapiga tena, ikakata tena. Akalitafuta jina lake kwenye foleni ya Bawabu, akalikuta, na kichwa kikamfungukia kiooni.

Mwombaji: Lameck Mgaya. Mahali: Lupembe. Lugha: Kiswahili. Hali: njema.

Alishusha pumzi. Hali njema. Huenda mzee ameomba mbolea, alifikiri, simu ameisahau ndani. Kisha jicho lake likashuka chini kidogo na kuona ombi lile limeelekezwa wapi. Lilikuwa foleni ya machela, nyuma kabisa, na kila ombi jipya lililoingia lilizidi kulisukuma nyuma. Mtu mwenye hali njema anataka machela ya nini?

Kanuni za kituo hazikumruhusu mhandisi kufungua mwili wa ombi bila sababu. Aneth aliona sababu anayo. Aliufungua, na sauti ya baba yake ikajaa chumbani.

"Hodi hapo. Kamwene, Bawabu. Mwalimu Lameck hapa, wa Lupembe. Habari za kazi? Poleni na baridi. Huku kwetu hatujambo, tunamshukuru Mungu, hali ni njema, na chai imestawi." Hapo palikuwa na kituo kifupi. Ndipo kisemeo kilipofunga kichwa. "Ila kuna kajambo kadogo. Nimeteleza huku kwenye mteremko, na mguu nadhani umevunjika, maana mfupa nauona. Gogo limeulalia. Damu inatoka. Kama hamjabanwa, naomba mnitumie machela. Kama mmebanwa, wahudumieni kwanza wenye shida."

Aneth alimshika Sudi mkono wa koti.

"Mtumie machela," alisema. "Ni baba yangu. Mtumie sasa hivi."

Sudi alitamka amri kwa kisemeo chake cha kazi, na ombi la Mwalimu Lameck likaruka mbele ya foleni. Kwenye kioo cha ramani, alama ndogo nyeupe ilinyanyuka Njombe na kuelekea mashariki. Aneth aliifuata kwa macho mpaka ilipotua. Moyo wake ulimtuma akimbilie hospitali. Hakukimbia. Alimwambia Bawabu amletee maombi yote ya machela yenye hali njema, akaanza kuyafungua.

Mzee mmoja aliwapa pole kwa kazi, akaisifu mvua, kisha akasema mkewe hazinduki. Mama mmoja alisema wazima wote nyumbani, ila mtoto ameungua na uji. Mwingine alisema yeye hajambo kabisa, ila haoni. Aneth akateremka mpaka kwenye maombi ya zamani, yale ambayo Bawabu aliyafunga kwa kuwa mwombaji hajibu tena. Humo alimsikia bibi mmoja aliyesema yeye mzima tu, anamshukuru Mungu, akamuuliza Bawabu kama watoto wa hapo hawajambo. Alinyamaza kidogo akingoja jibu, kama inavyopasa. Kisha akasema kwa upole kwamba hewa haitaki kuingia kifuani. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Maombi ya namna hiyo yalikuwa mengi. Aneth aliona aibu, akaona uchungu, na chini ya vyote viwili alishikwa na mshangao ambao Bawabu na kumbi zake zote hawakuwahi kumpa. Hawa walikuwa watu waliovunjika mifupa, wenye kukosa pumzi, na bado walipobisha mlango wa mashine waliijulia hali kwanza.

"Sudi, tulimjaribu Bawabu mara nyingi sana kabla ya kumfungulia nchi," alisema.

"Mno."

"Kuna yeyote kati yetu aliyemsalimu kwanza, ndipo akaomba machela?"

Sudi alifikiri. Salamu walizijaribu peke yake; machela walizijaribu kwa kusema mgonjwa, hatari, njoo, basi. Walikuwa na haraka, tena walijua wanaongea na mashine.

"Nani anasalimia mashine, dada?"

"Watu wetu," Aneth alijibu. "Na ukimuuliza mtu wetu habari, atakwambia nzuri hata kama nyumba inaungua. Shida inakuja baada ya hapo. Mimi nikafunga kichwa kabla haijaja. Yule wa jino hakusalimu, kichwa chake kikakosa hali, tukamkimbilia."

Akafungua msimbo wake. Ile sehemu ya kuandika hali kutokana na salamu ilikuwa mistari michache tu, safi, iliyowahi kusomwa kwa sauti mbele ya wahandisi wa nchi za mbali.

"Ukiifuta, kila ombi litakosa hali," Sudi alisema. "Kila kitu kitakuwa hatari."

"Ndiyo. Kwa hiyo itabidi aufungue mwili, asikilize mpaka mtu amalize."

"Atakuwa mzito. Ile ya Makambako haitaonekana tena. Watu watangoja, na wapo watakaoumia kwa kungoja."

"Wapo wanaongoja sasa, Sudi. Ni sisi tu hatukuwa tunawasikia."

Akaifuta. Kwenye kumbi, taa za seva zilipunguza kasi ya kupepesa, na mngurumo ambao wote walikuwa wameuzoea ukashuka, ukawa mnene na wa polepole. Bawabu alikuwa anasikiliza. Sudi alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Hospitalini, madaktari walikuwa wamemwokoa Mwalimu Lameck. Mguu wa kushoto hawakuweza kuuokoa, kwa sababu ulikuwa umebanwa muda mrefu mno. Aneth alimkuta amelala chali, ndevu zimechanwa vizuri, shuka limetulia pale ambapo goti lilipaswa kuwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na baridi yote hii?"

"Nimekuja. Habari za hapa?"

"Nzuri tu. Wananitunza vizuri sana, namshukuru Mungu. Habari za kazi? Bawabu hajambo?"

"Hajambo, baba."

Siku nyingine yoyote Aneth angelipokea lile jibu, akamshukuru Mungu pamoja naye, akaanza kumenya machungwa. Safari hii alivuta kiti, akakaa, akamshika mkono, akangoja. Baba yake alitazama dirisha, kisha dari, kisha shuka.

"Ila," alisema, akaweka mkono wa pili juu ya shuka, pale pasipo na goti.

Aneth akasogeza kiti karibu zaidi.