Unga wa Fedha Hautaki Maji

Yuliana alikuwa akipepeta mchele uani kwao Temeke mumewe aliporudi kazini.

"Kesho nashika nafasi ya mwenzangu Fransis," alisema Kasiani. "Nitachanganya ule unga wa fedha, wa rangi ya matangi."

Yuliana aliweka ungo chini. Juzi unga ule ulishika moto. Msimamizi alipiga kelele, "Maji!" Fransis akamwaga ndoo nzima. Moto ukalipuka, ukamuunguza mikono yote miwili. Sasa msimamizi anasema Fransis ni mzembe.

"Mzembe? Si alitii amri! Twende kwa Theonest."

"Yule zimamoto? Watu wanasema zimamoto wanafyonza damu."

"Yako imejaa woga. Nani ataitaka?"

Jirani yao Theonest alicheka aliposikia hayo. Lakini aliposoma kopo tupu la unga ule, ambalo Kasiani alitoka nalo kazini, kicheko kilikoma.

"Limeandikwa: usitie maji. Huu ni unga wa aluminiamu, madini ya sufuria. Ukiwaka ukaumwagia maji, hutoa hewa inayolipuka. Funika kwa mchanga mkavu. Mimina taratibu, vumbi lisiruke. Na usifunge unga wenye unyevu ndani ya kopo. Hewa itajaa, kopo litapasuka."

"Kumbe walijua!" Yuliana alisema kwa hasira. "Wameandika kwa Kiingereza! Anayesoma hashiki unga. Anayeshika unga hasomi!"

Asubuhi Kasiani na wenzake walikataa kufungua kopo hata moja.

"Tunataka mchanga mkavu hapa, bwana. Na jiko la chai likae mbali na unga."

"Mmekuwa mabwana wakubwa?"

"Hapana. Tunataka kurudi nyumbani na mikono yetu."

Walisimama hadi adhuhuri. Msimamizi akakubali. Kasiani akaandika ukutani, kwa herufi alizochorewa na Theonest: MAJI NI HATARI. TUMIA MCHANGA MKAVU.

Mwezi ule ule cheche ya nyundo iliangukia unga, ukawaka. Msimamizi alikimbilia ndoo ya maji. Kasiani akamshika mkono.

"Soma ukutani, bwana!"

Akamimina mchanga taratibu mpaka unga wote ukafunikwa. Moto ukafa. Hakuna aliyeungua.

Kesho yake msimamizi alikwenda hospitali alikolazwa Fransis. Alisema mbele ya wagonjwa wote, "Fransis, kosa halikuwa lako. Lilikuwa letu."

Fransis aliinua mikono yake iliyofungwa bendeji.

"Ahsante, bwana. Sasa iambie na hii mikono."