Jabali Lililoitikia Shikamoo

Mama yangu mdogo, Yustina, hakupenda kuisimulia safari hii, na kila alipoisimulia aliketi mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Mimi lawama zangu nampa dereva. Marehemu hasemwi vibaya, najua, lakini Antipasi alikuwa mtu wa kupenda sifa.

Ilikuwa mwaka 1953, enzi za Mwingereza, wakati wa mavuno. Mama mdogo alikuwa anatoka Singida kwenda Dodoma na binti yake Lea, mtoto wa miaka sita, kumfuata mumewe Marko aliyepata kazi ya reli. Walipanda lori la mizigo asubuhi na mapema. Lori lenyewe lilikuwa bovu. Rejeta ilichemka kila baada ya mwendo mfupi, ikawa lazima wasimame lipoe. Antipasi, mwenyeji wa Tabora, aliona kwamba kama ni kusimama tu, basi wasimame penye kupendeza, na abiria wakampenda kwa hilo.

Kwanza walisimama kando ya ziwa Singidani, wakatazama heroe walivyojaa majini, wekundu hadi ukingo wa pili. Walikula viazi vya kuchemsha, wakataniana, wakapanda tena. Mara ya pili ilikuwa mbele ya Ikungi, kwenye majabali makubwa yaliyobebana.

"Hapa mawe yanajibu!" Antipasi akatangaza, kana kwamba ameyapanga yeye.

Akapaza sauti akataja jina lake, na jabali likamrudishia. Watu wakafurahi kweli. Kila mmoja akajaribu, hata jamaa mmoja aliyemtukana shemeji yake akatukanwa na jabali vilevile. Asiyeshuka alikuwa mama mmoja tu, Febronia, muuza vyungu aliyepandia hapo Ikungi.

Sasa Lea alikuwa amelelewa na bibi yake, na bibi yule kwenye salamu hakuwa na mchezo. Mtoto akalitazama lile jabali, akaona ni kubwa kuliko mtu mzima yeyote pale. Akaliamkia.

"Shikamoo!"

Mwangwi haukurudi. 

"Marahaba," jabali likaitikia.

Watu wakaangua kicheko, wakidhani ni utingo kajificha nyuma. Lakini utingo alikuwa amesimama katikati yao na ndoo ya maji mkononi. Antipasi akazunguka kutazama. Aliporudi hakuwa anacheka tena. Nyuma ya jabali nyasi zilikuwa zimesimama wima, hazijakanyagwa na mtu.

"Mtoto wa nani wewe?"

Sauti ilikuwa ya mzee, ya upole, ya mtu aliyefurahi kuamkiwa. Lea akafungua kinywa ajibu. Febronia alikuwa amesharuka kutoka kwenye lori. Akamziba mdomo kwa kiganja chake chenye udongo.

"Mama Lea, asijibu," alinong'ona. "Huku kwetu hatuyaamkii mawe. Mchunga ng'ombe mmoja aliulizwa hivihivi, akamtaja kaka yake. Kaka mtu hajaonekana mpaka leo. Anayetajwa ndiye anayefuatwa."

Mama mdogo alielewa mara moja. Lea akiulizwa ni mtoto wa nani, jibu lake ni moja: wa Marko. Na Marko alikuwa Dodoma, anawasubiri, hajui lolote.

Wakapanda.  Mama mdogo akampakata mtoto, kiganja mdomoni.

Walipopita Manyoni rejeta ikachemka tena. Antipasi hakutaka kusimama, ila lori lilisimama lenyewe. Jua lilikuwa kali, porini hakuna kivuli. Abiria walikaa juu ya magunia, wameshikana mikono. Kisha sauti ile ikasikika chini yao, kwenye matairi.

"Mtoto wa nani wewe?"

Lea akaanza kulia. Machozi yalipita juu ya vidole vya mama yake. Akajinasua kidogo, akanong'ona, "Mama, mtu mzima ananiuliza. Bibi atanichapa."

"Nyamaza, mwanangu. Leo nyamaza."

Waliondoka lori likiwa bado linatoa mvuke. Jioni ilikuwa haijafika walipotokea ukingoni mwa bonde, pale barabara inapoteremkia Kintinku. Antipasi alikuwa amewaahidi kuwa hapo ndipo penye mandhari nzuri kuliko kote, tambarare ya Bahi yote chini ya miguu yako. Rejeta ikafoka. Wakasimama. Hakuna aliyetazama tambarare.

Mama mdogo alikuwa amechoka. Mkono umekufa ganzi. Lakini hakuuondoa. Alimbana mtoto kifuani, akafumba macho, akangoja swali.

Halikuja kwa Lea. Safari hii lilikuja sikioni mwake mwenyewe, karibu, na pumzi ya sauti ile ilikuwa baridi.

"Na wewe binti, mtoto wa nani?"

"Wa mzee Alute, wa Mtinko," akajibu.

Siku nzima alikuwa akilinda kinywa cha mtoto. Chake hakukikumbuka.

Febronia akajifunika uso kwa kanga. Bondeni hapakuwa na upepo, lakini nyasi za kando ya barabara zililala zote, moja baada ya nyingine, kuelekea walikotoka. Kuelekea Singida. Mama mdogo alipiga mayowe, akamsihi Antipasi ageuze lori. Antipasi aliteremka Kintinku bila kukanyaga breki.

Barua ilimfikia Dodoma baada ya siku tano. Mzee Alute, baba yake, ndiye babu yangu, alikuwa anapepeta uwele jioni ya siku ileile. Bibi alikuwa jikoni. Alisikia mtu akibisha hodi, sauti ya mzee, ya upole.

"Alute, binti yako amenielekeza."

Babu akajibu, "Karibu, keti."

Bibi alipotoka na kigoda cha mgeni, uwanja ulikuwa mtupu. Ungo ulikuwa chini. Hapakuwa na nyayo za kuja wala za kwenda, na babu hatujamzika mpaka leo kwa sababu hatuna cha kuzika. Katikati ya uwele ulioanikwa palikuwa na shimo la mtu aliyeketi, pana kama la ng'ombe aliyelala. Bibi aliwafungulia kuku waule ule uwele. Walikaa siku mbili na njaa, wakauzunguka, hakuna hata mmoja aliyedonoa punje.