Sifa za Kwenye Simu

Waliohudhuria darasa la kuchora jioni ya kwanza walikuwa hawa: kinyozi wa ghorofa ya chini, mwenye utani usiokauka; muuguzi mstaafu, ambaye wote walimwita Mama; dereva wa lori, mtu wa maneno machache; dada mkubwa wa mwalimu, mwenye kituo kilichoendesha darasa hilo, aliyeketi mlangoni kupokea wageni; na mwalimu mwenyewe. Aliyekosekana alikuwa mmoja tu. Alifika penseli za wenzake zikiwa zimekwisha kuchongwa, akihema, gauni lake la manjano lina sukari ya unga kwenye kiwiko. Alikuwa mpambaji keki.

Mwalimu alipomwona, chaki ilimponyoka.

Mchana wa siku hiyo hiyo walikuwa wamegombana dukani. Shule zilikuwa zinafunguliwa, duka la vifaa vya kuandikia limefurika wazazi, na kila mkono ulikuwa hewani. Mpambaji keki alikuwa ameshika penseli mbili za kawaida aliposikia sauti nyuma ya sikio lake.

"Hizo ni ngumu, dada, zitakuchubulia karatasi. Kwa kivuli chukua laini."

"Kaka, nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Basi subiri nikuulize." Alimkagua kuanzia viatu vilivyong'aa hadi shati lililopigwa pasi mpaka ndani ya kola. "Kwani wewe muuza penseli?"

"Mimi ni mtu aliyeharibu karatasi nyingi."

"Ungeharibu na hilo shati kidogo. Linaonekana halijawahi kuvaliwa na mtu anayepumua."

Akanunua penseli laini, akaondoka bila kuaga. Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa lake.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe," mwalimu alijibu, akainama kuokota chaki.

Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu. Kazi zote zilibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyokatisha chumba, na kila kazi ilipewa sentensi tatu. Ya kwanza ilitaja kilichofanikiwa, ya pili kilichopungua, ya tatu ilieleza mkono ufanye nini kesho. "Tunakosoa mstari," alisema, "hatumkosoi mtu." Kisha akasimama mbele ya kazi ya kinyozi. "Kisanduku chako kimekaa mezani, hakielei. Lakini kingo zinazokwenda nyuma zinaachana badala ya kukaribiana. Kesho chora visanduku vidogo vidogo, na jicho lako lisiangalie kitu kingine ila kingo hizo." Kinyozi, ambaye hakuwa amesifiwa tangu shule ya msingi, alishuka ngazi akipiga mluzi.

Wengi wa wale watu walikuja kujifurahisha. Mpambaji keki alikuja kwa shida yake. Wateja wa duka alilofanyia kazi walitaka kuiona keki kwenye karatasi kabla haijaokwa, na mwenye duka alikuwa ameahidi meza ya ubunifu kwa mfanyakazi wa kwanza atakayefuzu darasa la wanaoanza. Meza hiyo ilikuwa dirishani, mbali na joto la oveni. Kwa miaka mingi alikuwa akiitazama akiwa amesimama. Na kufuzu kulitegemea kauli ya mwalimu peke yake, kwa sababu mwenye kituo hakujua kuchora hata paka. Alisaini alichoambiwa na mdogo wake.

Mapenzi yaliingia kupitia mdomo wa kikombe. Wanaoanza wote huuchora ukiwa na ncha mbili kali, kama jani. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kuzungusha mkono mzima kutoka begani, hewani, kabla penseli haijagusa karatasi. Naye akazungusha kama azungushavyo krimu, na duaradufu ikatoka safi, haina ncha. Walitazamana kupita kiasi cha somo. Wiki haikuisha kabla hawajabadilishana namba za simu.

Wahenga wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wawili waliamua kutafuta dawa ya kikohozi, kwani mwenye kituo alikuwa amekwisha kutangaza sheria yake: mwalimu akimtongoza mwanafunzi, mmoja wao ataondoka, na hatakuwa mwanafunzi.

"Laazizi," mpambaji keki alimwambia kwa simu adhuhuri moja, akiwa amejificha stoo katikati ya magunia ya unga, "jana umenisifu mpaka kinyozi akakohoa."

"Kazi ilikuwa nzuri. Nifanyeje?"

"Nikosoe. Nikosoe hasa, hata wakiapishwa wakatae kwamba unanipenda."

"Sitaweza, kipenzi."

"Jifanye nimekuunguzia shati."

Akaweza. Jioni ile aliiruka sentensi ya kwanza. "Hili yai," alisema, "limezungushiwa mstari mweusi kama gurudumu. Yai halina waya." Darasa lilishtuka, kisha likacheka, na mpambaji keki akauma midomo ili asicheke kuliko wote. Kesho yake mchana sifa zilimfikia stoo: kivuli cha yai lile kilikuwa laini kuliko vyote, mwanga umetoka upande mmoja, jicho lake linakua. Alirudi kwenye krimu yake akiimba.

Mchezo ulinoga. Mwalimu, aliyekuwa akifikiri kwa muda mrefu ili apate sentensi moja ya haki, aligundua kuwa sentensi ya kejeli huja yenyewe, na kwamba baada ya kuisema, wanafunzi hukaa wima na kumwangalia kwa hofu tamu. Hakumwambia mtu. Wenzake darasani nao waligundua jambo lao: mpambaji keki akishachomwa, wao hupona. Kinyozi akaanza kuwahi kabla ya mwalimu.

"Dada Keki, hicho kikombe kimepata ajali au kimezaliwa hivyo?"

"Muulize mwenyewe, kaka. Labda kinanyoa kwako."

Hata dereva wa lori alicheka. Mama peke yake hakucheka, akasema, "Mzaha mzaha hutumbua usaha, wanangu. Mimi usaha nimeufuta miaka mingi." Hakurudia; jioni ile mistari yake mwenyewe ilikuwa imesifiwa.

Mkono wa mpambaji keki ukaanza kubadilika. Mistari yake, iliyokuwa mirefu, ilikatika vipande vipande, mmoja ukikwaruzwa juu ya mwingine mpaka ukaota manyoya. Alifuta sana. Karatasi zake zilikonda katikati.

"Mpenzi, punguza," alisema kwenye simu.

"Dada ameanza kuketi nyuma ya darasa. Vumilia kidogo, tunakaribia kumaliza."

"Unanisifu huku, unanichinja kule. Sijui yupi kati yenu ni mwongo."

"Mimi ni mmoja, mahabuba wangu."

"Hilo ndilo linaloniogopesha."

Mwalimu akacheka, akadhani ni utani.

Kazi ya mwisho ilikuwa birika, yai na kisanduku juu ya meza moja. Kabla ya somo mwenye kituo alimvuta mdogo wake kando. "Yule binti wa keki, mbona anakuangalia hivyo?" Mwalimu akajibu kwamba haoni kitu. Aliingia darasani na jasho mgongoni, na shati likamganda.

Mpambaji keki alikuwa amechora bila kufuta. Birika lilisimama kwa uzito wake, mdomo wake haukuwa na ncha, na vivuli vyote vitatu vililala upande mmoja kama watoto wa tumbo moja. Mwalimu alijua. Alijua akiwa bado yuko mbali na kamba, na moyo ulimruka kwa fahari. Kisha akayasikia macho ya dada yake kwenye kisogo.

"Hapa sina sentensi tatu," alisema. "Birika hili limechorwa na mtu aliyezoea kupaka krimu juu ya makosa. Mkono huu ni wa sukari. Haufai penseli."

Kinyozi alicheka kidogo, akaacha. Kutoka nyuma mwenye kituo akasema, "Basi huyo hajafuzu."

Mpambaji keki aliibandua kazi yake, akaikunja mara mbili kama karatasi ya kufungia mkate, akatoka. Hakupokea simu siku ile wala zilizofuata.

Mwalimu alimfuata dukani. Alimkuta katika aproni nyeupe, nywele zimefungwa kwa kitambaa, akipanga mawaridi ya krimu juu ya keki ya harusi ya watu wengine.

"Naomba unisikilize."

"Sema. Mikono ndiyo yenye kazi, masikio yamekaa bure."

"Nilisema uongo."

"Upi? Wa darasani au wa kwenye simu?"

"Wa darasani. Birika lako lilikuwa zuri mpaka nikaogopa."

"Ukaogopa, ukanichoma."

"Nikakuchoma. Na sikuanza siku hiyo; nilikuwa nimeshazoea, nikaona tamu." "Nitawaambia wote. Nitamwambia dada, afukuze anayetaka kufukuza. Nataka kukuoa."

Mkono wake ulisita, na waridi likatoka na petali moja kubwa kama sikio. Alilikwangua kwa kisu, akajilamba kidole.

"Kinyozi akiwapo?"

"Hasa kinyozi."

"Utakosa kazi."

"Nitauza penseli. Ulishaniona nafaa."

Hapo akacheka, akalia, akacheka tena, na mwalimu akamfuta sukari shavuni kwa kidole gumba. Akasema ndiyo. Siku nzima aliimba hata wenzake wakamwomba apumzike.

Siku ya vyeti alivaa gauni la bluu jipya, akaketi mbele, akiwa ameandaa tabasamu la mchumba. Wote walikuwapo. Mwalimu alisimama kwenye kamba tupu, akaeleza yote kwa mpangilio: kukutana, siri, kejeli, sababu ya kejeli. "Kila baya nililosema juu yake lilikuwa kinga. Huyu ni mchumba wangu."

Alingoja makofi. Akapata swali la Mama.

"Mwalimu, mimi uliniambia mistari yangu inapumua. Nilimpigia simu mwanangu kumweleza. Ulikuwa unasema kweli, au hapo nako ulikuwa unaficha kitu?"

"Kweli kabisa, Mama."

"Ndivyo ungejibu hata kama si kweli."

Kinyozi, kwa mara ya kwanza bila utani, aliuliza, "Na visanduku vyangu?"

Mpambaji keki alilisikia swali la Mama likimwingia, na tabasamu likamtoka taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka.

"Mdogo wangu," mwenye kituo alisema, "mimi sijui kuchora. Nisaini nini? Kazi ya huyu binti ni nzuri au mbaya?"

"Ni bora kuliko zote, dada."

"Juzi haikufaa. Leo ni mchumba wako, imekuwa bora kuliko zote."

Mwalimu akamgeukia mpenzi wake. "Waambie. Wewe mwenyewe unajua."

"Sijui," alisema. "Hapo ndipo uliponifikisha. Nilipoanza, nikichora mdomo wa kikombe ukapinda, nilikuwa naona umepinda. Siku hizi nachora, halafu natafuta uso wako."

"Nitasaini tu," mwenye kituo alisema kwa huruma iliyochelewa. "Chukua cheti, binti, upate hiyo meza, tuyamalize."

"Dada Keki," kinyozi alinong'ona, "sisi tulikuwa tunacheka tu."

"Najua, kaka. Mlicheka vizuri."

Akasimama. Alilinyoosha gauni lake kwa viganja viwili, akawageukia wote, yule ampendaye akiwa miongoni mwao.

"Sikilizeni, nisirudie. Huyu nampenda, na niliposema ndiyo sikumdanganya. Lakini harusi haipo. Cheti sikichukui, ile meza itapewa mwenzangu, na itaniuma kila nikipita. Jumatatu naanza upya darasa la wanaoanza, mistari iliyonyooka, mwanzo kabisa, kwa mwalimu nisiyemjua na asiyenijua. Akiniambia kazi yangu ni mbaya, nijue ni mbaya."