Ufito wa Mama na Jiwe la Mtoni

Kila Jumamosi asubuhi Nelvine alimsaidia mama yake kuchuma majani chai katika shamba lao dogo karibu na Kapkatet. Mama alilaza ufito juu ya michai, akachuma tu majani yaliyouzidi kimo. "Ukiuinua kidogo, umedanganya," alizoea kusema.

Likizo ya Agosti, mwaka wa 1997, Nelvine alikwenda Malindi kwa Mjomba Alexander, mpishi wa hoteli. Huko aliwaona wageni wakijilaza juu ya mbao na kubebwa na mawimbi yaliyopasukia kwenye mwamba. Mjomba alimweleza siku nzuri ilivyo: upepo utoke nchi kavu, tena polepole; mawimbi yaje kwa nafasi; na maji juu ya mwamba yafike kiunoni. "Maji yakipwa," alisema, "mwamba ni wembe."

Nelvine hakulowesha hata kifundo cha mguu. Lakini darasani alisimulia jinsi alivyopanda mawimbi kumi. Aliyemwamini kuliko wote alikuwa rafiki yake Apiyo, binti wa fundi wa kiwanda cha chai. Apiyo ndiye aliyechaguliwa kuiwakilisha shule yao katika mashindano ya mbio huko Kericho. Nelvine alikuwa wa pili, kama kawaida.

Jumamosi moja mvua ilifurisha mto uliopita chini ya shamba lao. Katikati, juu ya jiwe pana, maji yaliinuka kama wimbi la baharini. Apiyo alikuja na kifuniko cha sanduku la chai, ubao mpana.

"Leo utanionyesha, mtu wa Malindi."

"Mimi nimezoea bahari. Huu mto ni wa watoto. Anza wewe."

"Mawimbi kumi, na unaogopa mto?" Apiyo akacheka. "Haya, pima basi. Si ulisema maji yafike kiunoni?"

Apiyo alipoinama kuvua viatu, Nelvine alichukua ufito wa mama, aliokuja nao kutoka shambani, akaingia majini. Maji yalikuwa baridi, na rangi yake kama chai ya maziwa. Jiwe halikuonekana. Akaogopa kufika katikati, akauchovya ufito pale ukingoni, penye shimo.

"Umepima kwenye jiwe?"

"Nimepima. Kiunoni."

Apiyo akajilaza juu ya ubao. Wimbi lilimbeba vizuri kuliko masimulizi yote ya Nelvine. Kisha ubao ukakwama ghafla. Juu ya jiwe, maji hayakufika hata magotini.

Goti la Apiyo lilipasuka, akalazwa hospitalini. Jumatatu Mwalimu Kebaso alitangaza, "Apiyo amejiponza kwa utundu wake. Nelvine atakimbia badala yake." Wanafunzi wakapiga makofi. Kila kofi lilimwangukia Nelvine kama la shavuni.

Jioni alimweleza mama kila kitu. Mama hakumpiga. Alimpeleka hospitalini, na kesho yake kwa mwalimu, akamwacha aseme mwenyewe.

Apiyo alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikuuliza, Nelvine," alisema, akageukia ukuta.

Mbele ya darasa zima mwalimu alimwomba radhi Apiyo, aliyekuwa bado hospitalini, na jina la Nelvine likafutwa. Kericho hakwenda mtu. Goti lilipona, lakini Apiyo hakukimbia tena kama zamani, wala hakukaa tena dawati moja na Nelvine.

Jumamosi iliyofuata ajali ile, mama aliulaza ufito juu ya michai. "Huu ulisema kweli," alisema. "Ulipima pale ulipouchovya. Wewe ndiye uliyedanganya. Ungesema 'sijui', wangekucheka siku moja tu. Anayekuamini, mwanangu, amekukabidhi mifupa yake."